Watu Wanne wa Halifax: Historia ya Bendi ya Paradise Lost

Mwaka 1988 vijana watano wa Halifax, mji wa kaskazini mwa Uingereza, walianzisha bendi. Wanne kati yao wapo mpaka leo: mwimbaji Nick Holmes, mpiga solo Gregor Mackintosh, mpiga rithimu Aaron Aedy na mpiga besi Steve Edmondson. Kwa bendi iliyokwisha kutoa albamu 17 na kuhama kampuni ya kurekodi mara kadhaa, hilo si jambo dogo. Kiti kimoja tu ndicho ambacho hakikupata mwenyewe wa kudumu, nacho ni cha mpiga dramu.

Kilichobadilika ni muziki. Waliowasikia mwaka 1990 walisikia mtu akinguruma kama aliyefukiwa chini ya kifusi. Waliowasikia mwaka 1999 walisikia sauti laini ikielea juu ya midundo ya kompyuta. Waliowasikia mwaka 2017 walisikia ngurumo imerudi, safari hii nzito na ya taratibu kuliko hata ile ya mwanzo. Mashabiki wamebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu ipi kati ya hizo ndiyo Paradise Lost ya kweli. Ukiifuata historia yao tangu mwanzo, unaona kwamba kila badiliko lilikuwa na chanzo chake, na kwamba huzuni iliyowakutanisha vijana wale haikuwahi kuondoka.

Uzito uliotoka kiwandani

Mizizi ya Paradise Lost iko katika doom, tawi la metali linalokwenda taratibu, lenye magitaa mazito na nyimbo ndefu za majonzi. Asili yake ni ajali ya kazini. Mwaka 1965, mjini Birmingham, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa Iommi hutumia mkono wa kushoto, mkono huo wa kulia ndio aliobonyezea nyuzi za gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa ya sabuni aliyoiyeyusha, akatafuta nyuzi nyembamba, na baada ya miaka michache akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Nyuzi iliyolegea hutoa sauti ya chini zaidi. Kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa lake lilikuwa limeshuka kiasi ambacho wapigaji wengine hawakuwa wamekizoea.

Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, wenye jina lile lile la bendi, unaanza kwa mvua na kengele, kisha gitaa linatambaa juu ya noti tatu tu. Karibu kila kilichoitwa doom baadaye kinaweza kufuatiliwa hadi kwenye noti hizo.

Baadaye metali ilikimbilia kasi. Waliobaki na mwendo wa taratibu walikuwa wachache: Pentagram na Saint Vitus nchini Marekani, Trouble kutoka eneo la Chicago, na Candlemass ya Stockholm, ambayo mwaka 1986 ilitoa Epicus Doomicus Metallicus, albamu iliyosaidia kuupa mtindo huu jina. Candlemass walikuwa na mwimbaji wa sauti pana ya kiopera. Ilikuwa doom yenye heshima zake, ikisimulia habari za wachawi na makaburi. Hakuna aliyekuwa ameichanganya na mngurumo wa metali ya kifo (death metal) mpaka makundi machache yalipoanza kujaribu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mojawapo lilikuwa la Halifax.

1988–1990: Mji wa viwanda vilivyonyamaza

Halifax umelala bondeni, chini ya vilima vya Yorkshire ya Magharibi. Mji huo ulitajirika kwa sufu na mazulia. Dean Clough, kiwanda cha familia ya Crossley, kilihesabiwa katika karne ya 19 miongoni mwa viwanda vikubwa zaidi vya mazulia duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilifungwa. Mgomo wa wachimba makaa wa 1984 na 1985 uliitikisa Yorkshire yote. Holmes, Mackintosh na wenzao walikua katika miaka hiyo, wakizungukwa na majengo makubwa ya mawe yaliyobaki matupu.

Muziki uliowafikia ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa posta. Vijana wa sehemu mbalimbali za dunia walibadilishana kaseti walizorekodi wenyewe, na bendi isiyojulikana mtaani kwake iliweza kupata wasikilizaji Sweden au Brazil kabla haijagusa studio ya maana. Paradise Lost waliingia katika mtandao huo kwa kanda zao za majaribio, ikiwemo ile ya 1989 iliyoitwa Frozen Illusion.

Njia ya pili ilikuwa jirani kabisa. Leeds, mwendo mfupi kwa treni, ndiko ilikotoka The Sisters of Mercy, bendi ya mwaka 1980 iliyotumia mashine ya dramu, besi nzito na mwimbaji mwenye sauti ya chini kujenga muziki wa giza uliochezeka. Vijana wa metali na vijana wa mavazi meusi ya gothiki walikutana katika baa na vilabu vile vile vya usiku. Mackintosh alizipenda pande zote mbili, na mapenzi hayo ndiyo yanayoeleza mengi yaliyofuata.

Jina la bendi lilitokana na utenzi wa John Milton uliochapishwa mwaka 1667, unaosimulia kuanguka kwa Shetani na kufukuzwa kwa Adamu na Hawa bustanini. Mpiga dramu wao wa kwanza alikuwa Matthew Archer.

Katika Uingereza ya wakati ule, bendi changa zilishindana kwa mbio. Napalm Death ya Birmingham ilikuwa imetoa albamu ya Scum mwaka 1987, yenye wimbo unaomalizika kwa sekunde moja na nukta. Paradise Lost waliamua kushika njia ya kinyume. Walichukua ngurumo na ukali wa metali ya kifo, wakapunguza mwendo hadi kila pigo la dramu likasikika peke yake.

Walipata mlezi huko huko kwao. Paul Halmshaw alikuwa ameanzisha kampuni ya Peaceville mjini Dewsbury, kampuni iliyoanzia kwenye kaseti za punk. Studio ya Academy nayo ilikuwa Dewsbury. Humo ndimo walimorekodi Lost Paradise, iliyotoka mwaka 1990. Ni albamu ghafi, yenye kelele nyingi na nuru kidogo, na ingeweza kusahauliwa pamoja na nyingine nyingi za mwaka ule. Haikusahauliwa kwa sababu ya ile iliyoifuata.

1991: Gothic

Walirudi katika studio ile ile, na mwaka uliofuata wakatoka na Gothic. Ndani ya miezi michache tu walikuwa wamepata kitu ambacho hakuna bendi nyingine iliyokuwa nacho.

Kwanza kabisa lilikuwa gitaa la Mackintosh. Katika metali ya wakati ule magitaa mawili mara nyingi yalipiga kitu kimoja kwa pamoja, na solo ilisubiri zamu yake katikati ya wimbo, ikapaa kwa sekunde thelathini, ikashuka. Mackintosh aliacha utaratibu huo. Aedy alishika nyuzi za chini, akaziacha zivume, na juu yake Mackintosh akapiga sauti moja ya kilio iliyotembea wimbo mzima, ikipishana na mwimbaji. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi wa Dar es Salaam au Nairobi hatashangazwa na gitaa la solo linalozungumza tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kwenye metali ya 1991 lilikuwa jambo geni, na tangu hapo ndiyo alama ya kuitambua Paradise Lost popote, hata pale vitu vingine vyote vilipobadilika.

Kilichofuata ni sauti ya mwanamke. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, Holmes ananguruma na Sarah Marrion anaimba kwa sauti safi ya juu. Kulikuwa na mfano uliotangulia: Celtic Frost wa Uswisi walikuwa wamechanganya metali, sauti ya kike na ala za okestra katika Into the Pandemonium ya 1987. Lakini kwa Celtic Frost lilikuwa jaribio moja kati ya mengi. Paradise Lost waliliweka mlangoni mwa albamu, wakaongeza kinanda kilichoiga nyuzi za okestra, na kutoka hapo likawa mtindo kamili.

Kwa ufundi wa kurekodi, Gothic ina upungufu. Sauti zimebanana, na okestra ya kinanda inasikika wazi kuwa ni ya kinanda. Upungufu huo hauiharibu. Unaifanya isikike kama kitu kilichorekodiwa mbali, kwenye jengo kubwa lenye baridi, na huo ndio uzuri wake.

Matokeo yalienea haraka. Tawi zima la metali ya gothiki lilichukua jina kutoka albamu hii. Theatre of Tragedy, iliyoanzishwa Stavanger nchini Norway mwaka 1993, ilijenga muziki wake juu ya mwanamume anayenguruma na mwanamke anayeimba. Katatonia wa Sweden na Moonspell wa Ureno walikua wakisikiliza Gothic. Nyumbani, Peaceville ilijikuta na bendi tatu za aina yake: Paradise Lost wenyewe, My Dying Bride wa Bradford, walioleta fidla na nyimbo ndefu za maombolezo, na Anathema wa Liverpool. Waandishi wa muziki wakawaita Watatu wa Peaceville. Kwa kizazi cha kwanza cha doom yenye mngurumo, kona hiyo ndogo ya kaskazini mwa Uingereza ndiyo ilikuwa makao makuu.

1992–1995: Mngurumo unageuka kuwa wimbo

Mafanikio ya Gothic yaliwafikisha Music for Nations, kampuni ya London iliyokuwa imesambaza albamu za mwanzo za Metallica barani Ulaya. Fedha zikaongezeka, studio zikawa bora, na prodyuza Simon Efemey akakaa nao kwa albamu tatu mfululizo.

Shades of God ya 1992 ina nyimbo ndefu zenye vipande vingi, kana kwamba kila mmoja ulitaka kuwa nyimbo tatu. Funzo lake lilitoka kwenye wimbo mfupi na wa wazi kuliko zote, As I Die, ambao televisheni ya MTV iliurusha Ulaya. Bendi ilielewa mara moja kwamba huzuni ile ile ingeweza kubebwa na wimbo wa dakika nne wenye kiitikio.

Holmes naye alikuwa na sababu za mwili. Kunguruma usiku baada ya usiku katika ziara ndefu huchosha koo, na humfungia mwimbaji ndani ya rangi moja ya sauti. Kwenye Icon, iliyotoka Septemba 1993, alianza kuimba: sauti ya chini, kavu, yenye mikwaruzo, ambayo wengi waliilinganisha na ya James Hetfield wa Metallica. Mwendo ulipanda kidogo, nyimbo zikanyooka.

Archer aliondoka, Lee Morris akakalia dramu, na tarehe 12 Juni 1995 ikatoka Draconian Times. Inaanza kwa piano peke yake, taratibu, kabla magitaa hayajaingia. Wimbo wa Forever Failure umeingiziwa sauti ya mhalifu wa Kimarekani Charles Manson kutoka mahojiano yake gerezani, uamuzi unaotisha hadi leo kwa sababu bendi haikuongeza maelezo yoyote. Albamu ilifika nafasi ya 16 kwenye chati ya Uingereza. Kwa muziki wa namna ile ilikuwa nafasi ya juu sana, na Ujerumani, iliyokuwa soko lao kubwa, iliwapokea kwa mikono miwili.

Magazeti yakaanza kuandika kwamba hawa ndio Metallica wajao. Sifa hiyo iliwabana kuliko ilivyowasaidia. Ilimaanisha kila mtu, kuanzia kampuni hadi shabiki wa mstari wa mbele, alikwisha kuamua albamu inayofuata isikikeje: Draconian Times nyingine, kubwa zaidi. Mackintosh, mtunzi mkuu wa muziki wa bendi, alikuwa amepiga magitaa hayo mazito tangu ujanani na alikuwa amechoka.

1997–2001: Host

One Second ya Julai 1997 ilikuwa onyo. Piano na midundo ya mashine vilisogea mbele, magitaa yakapungua uzito, na wimbo wa Say Just Words ukawa wimbo wa kuchezwa vilabuni. Nywele ndefu zilikatwa. Shabiki wa metali wa miaka ile aliziona nywele fupi na akasoma ndani yake usaliti kabla hajasikia wimbo hata mmoja. Hata hivyo albamu iliuzika vizuri, na kampuni kubwa ya EMI ikaja na mkataba.

Host ilitoka Mei 1999. Prodyuza alikuwa Steve Lyon, aliyewahi kufanya kazi na Depeche Mode, kundi la muziki wa kielektroniki, na ushawishi huo haukufichwa. Magitaa yamepitishwa kwenye mitambo hadi hayatambuliki. Mahali pa kishindo kuna vinanda, nyuzi za okestra na midundo iliyopangwa kwa kompyuta. Holmes anaimba kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha.

Lawama zilikuwa kali. Wengi walidhani EMI ndiyo iliyowasukuma kwenye muziki laini ili wauze. Mpangilio wa matukio unakataa tafsiri hiyo. Njia ilianza kwenye One Second, kabla ya EMI, na ilianza kweli zaidi ya miaka kumi kabla, kwa kijana wa Yorkshire aliyependa The Sisters of Mercy na Depeche Mode sawasawa na metali ya kifo. Kampuni kubwa iliyotaka faida ya haraka kwa bendi ya metali ingewaomba wairudie Draconian Times.

Ukiisikiliza leo bila ugomvi wa wakati ule, Host ni albamu ya Paradise Lost kila inchi. Ile sauti moja ya kilio inayotembea juu ya wimbo ipo. Imehama tu kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye vinanda. Mashairi yana majuto yale yale. Waliotupa albamu hii walitupa moja ya kazi za majonzi zilizosukwa vizuri zaidi katika muziki wa Uingereza wa mwisho wa karne ile.

Kosa lilikuja baadaye. Baada ya Host kuwagawa mashabiki, bendi ikatoa Believe in Nothing mwaka 2001, chini ya prodyuza John Fryer. Magitaa yalirudi nusu, mitambo ikabaki nusu. Ni albamu pekee katika orodha yao ambamo bendi inasikika haijui inakotaka kwenda, na wenyewe wameonyesha kutoridhika nayo: mwaka 2018 waliitoa upya ikiwa imechanganywa sauti tena na kuvalishwa jalada jipya. Mkataba na EMI haukuendelea.

2002–2012: Ngazi baada ya ngazi

Muongo uliofuata ni wa kupanda polepole, na unasimulika kwa ufupi. Symbol of Life ya 2002, iliyosimamiwa na Rhys Fulber, Mkanada aliyetoka kwenye muziki wa kielektroniki wa Front Line Assembly, ilirudisha magitaa mbele bila kuitupa kompyuta. Kama wimbo wa ziada kwenye toleo maalumu, waliupiga upya hata Smalltown Boy wa Bronski Beat. Morris aliondoka mwaka 2004, Jeff Singer akaja. Albamu ya 2005 ilipewa jina la bendi yenyewe, na In Requiem ya 2007, ya kwanza chini ya kampuni ya Century Media, ikaonyesha kwamba uzito ulikuwa umerudi kwa hakika.

Kwa Faith Divides Us – Death Unites Us ya 2009 walikwenda Sweden kwa Jens Bogren, prodyuza aliyejua kurekodi metali nzito huku kila chombo kikisikika. Tragic Idol ya 2012 ilitengenezwa naye pia. Dramu za Tragic Idol zilishikwa na Adrian Erlandsson, Msweden aliyepitia At the Gates na Cradle of Filth. Ni albamu imara, zenye nyimbo zilizobaki kwenye maonyesho yao, na wasikilizaji wengi walidhani bendi imefika ilikokuwa ikienda: ukali wa wastani, kuimba kwa kawaida, heshima ya wakongwe.

2010–2017: Ngurumo inarudi

Geuko la pili kubwa katika historia ya Paradise Lost lilianzia nje ya Paradise Lost, na lilianza kwa msiba.

Mackintosh alifiwa na baba yake. Nyimbo alizoanza kutunga katika maombolezo hayo zilikuwa za aina aliyoiacha ujanani: metali ya kifo, chafu, ya taratibu, yenye nyuzi za chini kabisa. Hazikuingia Paradise Lost, basi akaziundia bendi mpya, Vallenfyre, pamoja na Erlandsson na Hamish Glencross wa My Dying Bride. Mwaka 2011 ilitoka A Fragile King. Mackintosh aliimba mwenyewe, kwa mngurumo.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Holmes. Bloodbath, kundi la Wasweden wanaoenzi metali ya kifo ya zamani, walikuwa wakitafuta mwimbaji, na mwaka 2014 wakamchukua. Mtu ambaye hakuwa amenguruma katika albamu yoyote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarekodi Grand Morbid Funeral yote kwa mngurumo. Koo lilikuwa bado lipo, na lilikuwa limekomaa.

Hivyo watu wawili wa Halifax, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamerudi walikoanzia, na walipokutana tena kutunga, sauti hiyo iliingia nao. Mwaka huo huo wa 2014 walipiga pamoja na okestra na kwaya katika ukumbi wa kale wa Kirumi mjini Plovdiv, Bulgaria, onyesho lililotolewa baadaye kwa jina la Symphony for the Lost. Mtindo ambao mwaka 1991 ulitegemea okestra ya kinanda sasa ulibebwa na wanamuziki halisi, kati ya nguzo za mawe zenye umri wa karibu miaka elfu mbili.

The Plague Within ilitoka mwaka 2015. Prodyuza Jaime Gomez Arellano aliwarekodi kwa namna inayoacha vumbi la magitaa lisikike. Holmes anaimba na kunguruma ndani ya wimbo mmoja, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja, na mngurumo huo haufanani na wa mwaka 1990. Ule wa zamani ulikuwa wa kijana anayetaka kutisha. Huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kuzika wapendwa wake. Wimbo wa Beneath Broken Earth unakwenda taratibu kiasi kwamba kati ya pigo na pigo msikilizaji anapata muda wa kuvuta pumzi.

Medusa ya 2017, ya kwanza chini ya kampuni ya Nuclear Blast, ilisukuma mpaka mwisho. Wimbo wa kufungulia, Fearless Sky, unazidi dakika nane na unaanza kama mlango mzito unaovutwa na watu wengi. Dramu zilipigwa na Waltteri Väyrynen, kijana wa Finland aliyezaliwa baada ya Gothic kutoka. Hakuna albamu yao iliyo ya giza kuliko hii, na kwa wapenzi wa doom halisi ndiyo kilele chao.

Tangu 2020: Vyote kwa pamoja

Obsidian ilitoka tarehe 15 Mei 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na janga la korona. Ziara hazikuwezekana. Bendi ilikwenda kwenye ukumbi wa The Mill mjini Bradford, jirani na kwao, ikapiga bila mtu hata mmoja mbele yake, na onyesho likarushwa mtandaoni Novemba mwaka huo kabla ya kutolewa kama albamu mwaka 2021. Kwenye Obsidian yenyewe mambo yote yanakaa pamoja: gitaa lisilo la umeme na nyuzi za okestra mwanzoni, mngurumo, kuimba, na wimbo wa Ghosts ambao ungeweza kupigwa kwenye disko la Leeds mwaka 1985.

Hata Host ilipata haki yake. Nuclear Blast waliitoa upya mwaka 2018, na baadaye Holmes na Mackintosh waliunda mradi wa muziki wa kielektroniki wakauita Host, kwa jina la albamu ile ile iliyowaletea lawama, na mwaka 2023 wakatoa albamu ya IX. Mwaka huo huo, kuadhimisha miaka 30, bendi nzima ilirekodi upya Icon yote. Ni bendi chache zenye uwezo wa kuheshimu pande zake mbili zinazopingana ndani ya mwaka mmoja, na uwezo huo unatokana na jambo la kawaida kabisa: waliozitengeneza zote mbili bado wako chumba kimoja. Bendi iliyofukuza mtu kila ilipobadili mtindo isingekuwa na mtu wa kuurudisha mtindo wa kwanza.

Väyrynen alihamia bendi ya Opeth mwaka 2022. Pengo kati ya Obsidian na albamu iliyofuata lilikuwa la miaka mitano, refu kuliko yote waliyowahi kukaa. Ascension, ya 17, ilitoka tarehe 19 Septemba 2025, na safari hii Mackintosh mwenyewe alikuwa prodyuza. Inachota kwenye Icon, kwenye Medusa na kwenye Gothic, na gitaa la solo bado linatembea wimbo mzima.

Msomaji ambaye hajawahi kuwasikia asianze na mkusanyiko wa nyimbo bora. Achukue Gothic, Host na Medusa, azisikilize kwa mpangilio huo, akilifuata gitaa la Mackintosh popote linapojificha. Akimaliza hizo tatu ndipo aende Draconian Times, ambayo wengi huiita bora kuliko zote. Kwa uzito wa kilichofuata baada yake, heshima hiyo inaistahili Gothic.